Joto la Nyuki Hutegemea Chakula Chake

Askari aliyekesha doria katika msitu wa Nyungwe anaijua vema baridi ya alfajiri katika milima inayopita mita 2,000. Wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, iliyokuwa zamani sehemu ya mkoa wa Cyangugu, huteremka hadi tambarare ya Bugarama, penye mpunga na joto kali. Nyuki hutafuta chakula pande zote mbili. Je, mdudu mwenye uzito wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu huimudu vipi baridi ya huko juu?

Wengi hudhani kwamba hungojea jua. Jua humsaidia, lakini halitoshi. Nyuki hutetemesha misuli ya kifua, ile ile inayoendesha mbawa, huku mbawa zenyewe zimetulia. Kifua kisipofikia kiasi cha nyuzi 30 za Selisiasi, kuruka na mzigo humwia vigumu. Kuni za moto huo ni sukari, nayo sukari hiyo ndiyo anayoihangaikia.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Graz, nchini Austria, Anton Stabentheiner na Karin Hagmüller, walieleza kwamba nyuki waliokunywa maji yenye sukari nyingi walirudi mzingani wakacheza, yaani wakawaonyesha wenzao njia, vifua vyao vikiwa na joto zaidi kuliko vya waliopata sukari haba. Nyuki, basi, hupima faida kabla ya kutumia akiba. Akipata ua lenye utamu hupandisha joto, hupakia upesi na kuondoka. Akipata ua hafifu, huacha mwili upoe, kama mtu anayebana posho isiyojulikana itakuja lini.

Jambo hili lina maana yake Rusizi. Shamba la chai la Shagasha ni kijani mwaka mzima, lakini chai inayochumwa kila mara haipati nafasi ya kuchanua. Kwa nyuki, kijani hicho ni ghala tupu. Mibuni huchanua, ila kwa siku chache tu. Yanayobaki ni maua ya msituni. Mrina asali aingiaye Nyungwe kwa siri na mwenge wa moshi, akauacha ukiwaka, huteketeza ghala hilo. Hapo nyuki wa mizinga iliyo pembezoni hulazimika kwenda mbali zaidi, katika baridi ile ile, kwa kuni chache.