Risasi: Neno Moja Lenye Kazi Nyingi

Katika Wilaya ya Ilala neno risasi husikika kwa maana zisizolingana. Mnunuzi wa vyuma chakavu pale Gerezani akisema ana risasi, anakusudia madini mazito na laini yatokayo katika betri kuukuu za magari. Mvuvi wa Feri akiulizia risasi, anataka kitu cha kuzamishia nyavu zake. Askari wa lindo akitaja risasi, anakusudia kitu kingine kabisa. Wote hao huelewana na wenzao bila taabu, kwa kuwa mahali na kazi hulifafanua neno. Lakini maandishi ya sheria hayana budi kujieleza yenyewe, na hapo ndipo mfasiri hukwama.

Katika makala hii tunakusudia kuzichambua istilahi za kusubu na kujaza risasi kwa mkono. Kazi hiyo hufanywa na watu wengi katika Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya kama mchezo wa faragha, hasa wawindaji na wapenda shabaha. Hapa Tanzania utengenezaji wa risasi unatawaliwa na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, wala hauruhusiwi bila leseni. Kwa hiyo hatuielezi ili iigwe. Tumeichagua kwa sababu moja: anayejaza risasi kwa mkono hulazimika kuvitaja kimoja kimoja vitu ambavyo mnunuzi wa dukani huvipata vikiwa vimekwisha kuunganishwa.

Kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kusubu. Madini ya risasi huyeyushwa, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, kisha humiminwa katika kalibu. Madini hayo peke yake ni laini mno. Hivyo huchanganywa na antimoni na madini ya bati, kama yale yachimbwayo Kyerwa mkoani Kagera, ili yawe magumu zaidi. Kinachotoka katika kalibu hupakwa nta au mafuta. Bila hivyo, na kikirushwa kwa kasi kubwa, huacha utando wa risasi katika mifuo ya mtutu, na shabaha huharibika. Moshi na vumbi la madini haya ni sumu mwilini, hasa kwa watoto.

Sehemu ya pili ni kujaza. Ganda la shaba lililokwisha kutumika husafishwa, fataki iliyolipuka hung'olewa, na ganda hurudishwa katika kipimo chake. Kisha hutiwa fataki mpya, hutiwa baruti kwa kipimo, na mwisho kile kilichosubiwa hukazwa mdomoni mwa ganda. Ganda ndilo lenye gharama kubwa, nalo laweza kujazwa mara kadhaa. Hiyo ni mojawapo ya sababu za watu kuupenda mchezo huu.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba karibu maneno yote tuliyoyahitaji yamo katika Kiswahili. Jambo hilo si la ajabu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, huku ukiruhusu kwa masharti bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Gobore likabaki mikononi mwa wawindaji wetu kwa muda mrefu. Mwenye gobore alitia baruti, akashindilia kwa mdeki, akatia goroli au marisau. Kila kitu kilikuwa mbali na kingine, na kila kitu kilikuwa na jina lake. Ilipoenea risasi ya kiwandani, iliyokusanya vyote katika ganda moja, jina la madini ndilo lililobeba mzigo wote. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na huko lilikuwa jina la madini tu.

Udhaifu wa hali hiyo huonekana tunapofasiri. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inafafanua risasi kwa kutaja kitu kizima na sehemu zake: maganda, fataki, baruti, na kile kirushwacho. Mfasiri asiye na istilahi zaidi ya moja ataandika kwamba risasi ni risasi au sehemu zake, zikiwemo maganda, fataki, baruti na risasi. Sentensi ya namna hiyo haifafanui chochote.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Tuchukue mfano wa kubuni: hati ya mashtaka inasema kwamba mtu alikutwa na kilo 20 za risasi. Je, ni mnunuzi wa betri kuukuu au ni mtu mwenye shehena ya hatari? Uhuru wa mtu hautakiwi kutegemea neno lisilo na mipaka.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Madini ya risasi: madini yenyewe, kabla ya kusubiwa. Mtu asiandike risasi peke yake akikusudia madini.

2. Kichwa cha risasi: kile kirushwacho kupitia mtutu.

3. Ganda la risasi: kikopo cha shaba. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka katika taarifa za polisi na magazeti.

4. Fataki: kile kinachowasha baruti. Wapo watakaosema kwamba leo fataki ni ya sherehe, na kwamba kampeni ya redio iliyoanza mwaka 2008 ililitumia neno hilo kwa mtu mzima anayewarubuni wasichana. Hata hivyo maana ya zamani haijafa, na muktadha wa silaha utailinda.

5. Risasi kamili: kitu kizima kilicho tayari kutumika. Neno risasi peke yake libaki kuwa jina la jumla, kama lilivyo katika sheria ya 2015.

Kamusi za zamani ziliita risasi kamili kiasi cha bunduki. Neno hilo ni zuri, lakini kwa msomaji wa leo kiasi ni kipimo cha chochote. Afadhali libaki katika kiasi cha baruti, ambapo kila mtu huelewa. Kwa upande wa vitendo, kusubu na kujaza yanatosha. Hatuoni haja ya kukopa.

Kwa mapendekezo haya, ufafanuzi wa Itifaki waweza kuandikwa hivi: risasi maana yake ni risasi kamili au sehemu zake, zikiwemo maganda, fataki, baruti, na vichwa vya risasi au vitu vingine virushwavyo na silaha. Walimu, wafasiri na watumishi wa mahakama wayapime matumizi haya katika kazi zao za kila siku, kwani istilahi huthibitika kwa kutumika.