Kusoma kwa Vikundi Katika Mtandao: Uwanja Ujengwe Vipi?

 

Ndugu zetu wanafunzi, katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi uwanja wa masomo katika mtandao unavyotakiwa kujengwa ili watu wasome kwa vikundi, si kila mtu peke yake na kioo cha simu yake. Wengi wetu tulilionja jambo hili mwaka 2020, shule na madrasa zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Madarasa mengi yalihamia kwenye makundi ya WhatsApp. Ustadh anatuma swali, mmoja anajibu, na wenzake ishirini wanaandika "jazakallahu khayran" kisha wananakili jibu katika madaftari. Kundi lilikuwapo, lakini kusoma kwa kundi hakukuwapo. Yule aliyejibu alikuwa anajua tangu mwanzo, na wale ishirini hawakuachiwa haja ya kufikiri.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye kujenga uwanja kama huo si rangi za kurasa wala wingi wa picha. Ni hili: kila mwanafunzi ameshika kitu gani ambacho mwenzake anakihitaji na hana?

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu cha Sahihi yake, amepokea habari za Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) na jirani yake wa Kiansari. Walikuwa wakikaa upande wa Awali, nje kidogo ya Madina. Wakapeana zamu. Siku moja Umar anateremka kwa Mtume (s.a.w.), akirudi anampa jirani yake habari za siku ile, za wahyi na mengineyo, siku ya pili anateremka jirani. Utazameni vizuri mpango ule. Mwenye zamu akisikiliza nusunusu, waliokosa ni wawili.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1971, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aitwaye Elliot Aronson aliombwa msaada na shule za mji wa Austin, jimbo la Texas. Watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wamechanganywa darasani bila kuzoeana, na ugomvi ulikuwa mwingi. Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu waligawa somo vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kipande chake akisome kisha awafundishe wenzake. Mtoto aliyekuwa akichekwa kwa kusitasita katika kusema, sasa ndiye pekee mwenye kipande kile. Wakamcheka, watafeli wao. Njia hii ilikuwa na hatua moja ya katikati ambayo sisi tunaiona ndiyo siri yake: kabla ya kurudi kwenye vikundi vyao, wenye kipande kimoja kutoka vikundi mbalimbali walikutana kwanza, wakasaidiana kukielewa. Hata aliye dhaifu hakwenda kufundisha mikono mitupu.

Sasa tuchukue somo letu la mirathi, ambalo wengi wanalikimbia. Tuseme kikundi kina watu watatu. Wa kwanza anasoma wenye mafungu maalumu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Wa pili anasoma asaba, yaani wanaochukua kilichobaki. Wa tatu anasoma hajb, nani anamzuia nani. Kisha Ustadh anatoa mas-ala: mtu amefariki, ameacha mke, mama, mabinti wawili, ndugu yake wa kiume kwa baba na mama, na mtoto wa kiume wa ndugu mwingine kama huyo aliyetangulia kufa.

Wa kwanza atasema: mke ana thumni kwa kuwa marehemu ana watoto, mama ana sudusi, mabinti wana thuluthi mbili. Mali ikigawiwa sehemu 24, mke anapata 3, mama 4, mabinti 16. Jumla 23. Hapo amekwama, kwa kuwa sehemu moja imebaki na yeye hajui mwenyewe. Wa pili anajua kuwa ni ya asaba, lakini mbele yake wako wanaume wawili. Ni wa tatu atakayesema kuwa ndugu anamzuia mtoto wa ndugu, basi sehemu ile ni ya ndugu peke yake. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemaliza bila wenzake, na wakimaliza kila mmoja ameiona hesabu nzima.

Katika mtandao mas-ala kama haya yanahitaji vyumba viwili: chumba cha wenye kipande kimoja, na chumba cha kikundi. Kundi moja kubwa la watu wote haliwezi kazi hii. Sisi tunapendelea vikundi vya watu watatu hadi watano. Wakizidi hapo, hujificha mtu.

Programu za kujengea vyumba hivyo zipo. Iliyoenea sana vyuoni ni Moodle, nayo hutumiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ilitolewa rasmi Agosti 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni aliishi jangwani na masomo yake aliyapata kwa redio. Programu yenyewe ni ya bure, ingawa kompyuta ya kuiwekea na mtu wa kuitunza si bure.

Ndani yake mna mambo yanayotibu yale maradhi ya kunakili. Ipo baraza ya maswali ambayo majibu ya wenzako hufichwa mpaka uandike la kwako kwanza. Ukurasa unaoandikwa na kikundi kizima huweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani ameandika nini na lini, kwa hiyo asiyefanya kitu huonekana, na aliyefanya kimyakimya naye huonekana. Upo pia mpango wa wanafunzi kusahihishana, ambapo unapata alama mbili: moja ya kazi yako, nyingine ya jinsi ulivyosahihisha kazi ya mwenzako. Hii ya pili tunaipenda zaidi, maana anayesahihisha hesabu ya mirathi ya mwingine hulazimika kuipiga upya mwenyewe.

Vikundi vinaweza kutenganishwa, wa kike na wa kiume, kila kimoja kisione cha mwenzake, na Ustadh akaviona vyote. Wala mwanafunzi halazimiki kuweka picha, na namba yake ya simu haina haja ya kujulikana na darasa zima. Wazazi waliowatoa mabinti zao kwenye makundi ya simu kwa sababu hiyo walikuwa na haki ya kuogopa.

Limebaki lile la bando. Ukipanga somo kwa video ya nusu saa, umekwisha kuwatoa watoto wa wasionacho kabla ya kuanza. Maandishi na sauti fupi ni nyepesi, na programu ya simu ya Moodle humruhusu mtu kupakua somo akiwa kwenye mtandao, akaandika jibu lake nyumbani bila mtandao, likaenda lenyewe atakapounganishwa tena. Asiye na simu kabisa apewe kipande chake kwa karatasi, na akutane ana kwa ana barazani na mmoja wa kikundi chake, naye huyo aingize maneno yake kwa jina la mwenyewe. Muda wa kujibu uwe siku tatu au nne, usiwe saa moja ya usiku, kwani kuna nyumba zenye simu moja na watoto wanne, na simu yenyewe hurudi na baba baada ya sala ya Isha.