Vidonge Vinne

Mwingiao mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi (twasema mtaa, si nchi), au Katuba, au Ruashi, hamkosi kuona duka la dawa. Mama ana mtoto mwenye homa siku ya tano. Ameambiwa kwamba ni homa ya matumbo. Fedha aliyo nayo ni ya unga wa bukari. Basi anunua vidonge vinne. Siku ya pili homa yashuka, mtoto aomba chakula, na vidonge viwili vilivyobaki vyafungwa katika karatasi kwa ajili ya mdogo wake. Sisi hatumlaumu. Nani kati yetu hajapata kufanya vivyo hivyo?

Lakini viini vya ugonjwa havifi vyote pamoja. Vilivyo dhaifu hufa kwanza. Vilivyo vigumu husalia, na dawa ikikatwa mapema, vyaanza kuzaana bila mshindani. Kisha hutoka chooni, huingia kisimani, na mtoto wa jirani, asiyepata kumeza dawa ile hata mara moja, ashikwa na ugonjwa usiosikia dawa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili katika hotuba yake ya tuzo ya Nobel mwaka 1945. Alitoa mfano wa mtu aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini isiyotosha. Mtu huyo akapona. Mkewe, aliyeambukizwa naye, akafa.

Kwa homa ya matumbo, kloramfenikoli ilianza kuponya watu mwaka 1948. Baadaye zikaja ampisilini na kotrimoksazoli. Wataalamu walipochunguza viini vilivyopatikana kwa wagonjwa wa Kongo kati ya miaka 2007 na 2011, karibu vitatu katika kila kumi vilikuwa vimekwisha kuzishinda zote tatu. Siprofloksasini nayo ilikuwa imeanza kulegea. Iko sindano ya seftriaksoni, lakini hiyo yataka muuguzi, siku nyingi za matibabu, na fedha ambayo kwa kawaida hutoka mfukoni mwa jamaa. Na wakati dawa zinapobadilishwa moja baada ya nyingine, utumbo waweza kutoboka, na hapo hakuna njia ila kisu cha mpasuaji.

Tena yule mtoto wa kwanza huenda hakuwa na homa ya matumbo kabisa. Mara nyingi hukumu hutolewa kwa kipimo cha Widal, tone la damu lililochanganywa na dawa. Na kipimo hicho huweza kumtaja hata mtu aliyeugua zamani akapona, huku kinachomchoma leo ni malaria. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuiotesha damu katika maabara, jibu likangojwa siku kadhaa. Mzazi aambiwaye "homa ya matumbo" ana haki ya kuuliza kwa adabu: je, malaria imepimwa? Damu yaweza kuoteshwa wapi? Na dawa hii, ni ya siku ngapi?