Daraja Limeunga Kingo, Nani Ataunga Udugu?

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalounganisha Kigongo na Busisi juu ya Ghuba la Mwanza. Waliozoea safari za Sengerema, Geita na Bukoba wanaijua neema hiyo: mahali ambapo magari yalipanga foleni kungoja kivuko, sasa huvukwa kwa dakika chache. Alhamdulillahi.

Barabara hiyo imekuwa shahidi wa umri wangu. Niliipita nikiwa kijana, nikitoka Bukoba kuja kutafuta elimu. Nikaipita nikiwa bwana harusi. Kisha nikiwa baba, mtoto amelala mapajani. Kazi ikaniweka Mwanza, mama yetu akabaki kwenye migomba yake. Bila shaka wasomaji wengi wamo katika hali kama hiyo.

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, huandika matangazo ya misiba, na jambo moja hujirudia. Simu ya msiba ikilia, nauli hupatikana usiku huohuo, na ruhusa ya kazi hupatikana asubuhi. Lakini mzee akipiga simu kusema amewakumbuka wajukuu, jibu huwa, "Inshaallah, mwisho wa mwaka." Safari ya kumzika mzazi haikosi fedha, ya kumsalimia hukosa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuunga udugu ni sababu ya kukunjuliwa rizki na kurefushiwa umri, na kwamba muungaji wa kweli humuunga hata jamaa aliyemkata. Sheria nayo imemwepesishia msafiri: swala za rakaa nne huswali mbili, na saumu ya Ramadhani aweza kuilipa baadaye.

Nyumbani kwetu tumekubaliana, mimi na mke wangu, kutenga nauli kila mwezi kama tunavyotenga kodi ya nyumba, ili watoto waende kwa bibi yao kila likizo ya shule. Kiasi chenyewe ni kidogo. Hutimia kwa kudumu. Mwenye wazee ng'ambo ya ghuba na aanze mwezi huu. Asiyeweza kusafiri apige simu leo, azungumze bila haraka.

Allah awarehemu wazazi waliotangulia, na awape afya walio hai, ili tuwafikie wakiwa bado wanaweza kutufungulia mlango. Amin.