Kuua Bakteria Sahanini Si Kumponya Mtu

Halipiti juma ila huulizwa swali lile lile, ama na muuguzi wa Tengeru, ama na muuza dawa za miti shamba wa soko la Kilombero hapa Arusha: "Mwalimu, madhali maabara imethibitisha kwamba gome la mti wa msokonoi laua bakteria, mwenye U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu anywe vikombe vingapi?" Wale waliopanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga cha shilingi 500 walikwenda kwa imani, na imani haidai cheti; huyu wa leo amekuja na cheti cha maabara mkononi, nacho hajakisoma.

Cheti hicho chasema nini? Kwamba gome lilirowekwa katika spiriti, spiriti ikakaushwa, masalio yakatiwa kwenye kikaratasi chenye upana wa milimita 6, kikawekwa sahanini juu ya agari (rojo ya kuoteshea vijidudu) iliyopakwa bakteria, na baada ya usiku mmoja katika joto la nyuzi 37 pakaonekana duara tupu, likapimwa kwa rula. Basi! Siki nayo hufanya duara, na dawa ya kung'arishia nguo hushinda zote, walakini hapana aliyeniuliza vikombe vyake. Hata upana wa duara si ithibati ya nguvu, kwani kiini kizito hakisambai upesi katika agari, hivyo dawa kali yaweza kuonekana dhaifu.

Tufanye hesabu. Tuseme gome limeua kwa miligramu 5 katika kila mililita; mtu mzima ana damu ipatayo lita 5, kwa hiyo zahitajika gramu 25 za masalio makavu, zote zivuke utumbo na ini pasipo kupotea hata chembe, ilhali kikaratasi cha antibiotiki ya gentamicin hubeba mikrogramu 10 tu. Fauka ya hayo, mgonjwa huchemsha gome kwa maji, na viini vingi vilivyotoka kwa spiriti havitoki kwa maji; na msokonoi, ambao ukali wake ulimini kila aliyeutafuna kwa kikohozi aujua, aghalabu huwashinda Staphylococcus kuliko E. coli mwenye utando wa ziada wa nje, naye huyo E. coli ndiye mleta U.T.I. mkuu.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Mgonjwa: mkojo uoteshwe maabara kabla ya dawa, na dozi imalizwe. Mtabibu wa asili: peleka tawi lenye majani na maua kwenye hifadhi ya taifa ya mimea mikavu, iliyoko hapa hapa Arusha, utambuliwe mti, dai maabara ikupe kiwango cha chini kinachozuia bakteria, si upana wa duara, dai kipimo cha sumu kwa chembe hai, kisha nenda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ukasajili dawa. Na majani yapimwe pamoja na gome, yakifaa yashike nafasi yake, kwa sababu mti uliochunwa gome mzunguko mzima hufa.