Iko, Ipo au Imo? Lugha ya Usimamizi wa Kompyuta za Wingu

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ambayo wengi wa wanafunzi wetu wamekwisha kuifanya riziki, ilhali sisi tunaowafundisha lugha hatujaipatia maneno ya kutosha. Ni kazi ya kusimamia kompyuta zinazokodiwa kwa mbali, ambazo kwa jumla huitwa wingu. Hatukusudii kumfunza msomaji ufundi wenyewe. Tunataka kuonyesha kwamba jina hilo linaficha jambo ambalo Kiswahili, kwa viambishi vyake vya mahali, kina uwezo wa kulifichua. Idara zetu zina sababu ya kulijali jambo hilo, kwa kuwa rekodi za masimulizi tulizozikusanya kwa taabu zinahamishiwa huko huko.

Tuchukue mfano kutoka Mwiki, wadi ya eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu (isichanganywe na Mwiki ya Kasarani, Nairobi). Ni mahali pa nyumba za kupangisha. Msimamizi kijana aweza kukaa hapo katika chumba kimoja cha ploti, akiwa na kipakatalishi na intaneti, huku mashine anazoziwasha na kuzizima ziko Ireland, au Cape Town, ambako kampuni ya Amazon ilifungua mwaka 2020 kanda yake ya kwanza ya huduma hizi barani Afrika. Ukimwuliza data za mwajiri wake ziko wapi, atakujibu, "Ziko kwenye wingu." Kisarufi jibu hilo halina kasoro: -ko ni ya mahali pasipo dhahiri, na wingu halina dhahiri. Lakini kazi anayolipwa kuifanya ni kuiacha -ko na kuifikia -po, mahali palipo bayana, na -mo, ndani ya kitu kinachotajika.

Kwanza mashine zenyewe. Katika vituo hivyo mna seva zilizopangwa rafuni, na programu maalumu huigawa seva moja ya chuma ikawa kama mashine kadhaa, kila moja ikijiona ina kichakataji, kumbukumbu na diski yake peke yake. Wazo si jipya. IBM ilitangaza mfumo wa namna hiyo, VM/370, mwaka 1972. Kilichogeuka ni kwamba tangu mwaka 2006, Amazon ilipoanza kuzikodisha mashine hizo kwa umma, mtu yeyote mwenye kadi ya benki aweza kupanga mashine kwa saa moja na kuiacha.

Mkazi wa Mwiki hahitaji kuelezwa mara mbili. Ploti ni moja, msingi ni mmoja, tangi la maji ni moja, na kila mpangaji ana mlango wake. Mwenye ploti haonekani. Anayeonekana ni keretaka, ambaye hugawa vyumba, husoma mita na kuangalia kwamba wa chumba cha tatu hamalizi maji ya wa chumba cha nne. Ile programu ya kuigawa seva ndiyo keretaka. Kwa lugha ya daftari tungeiita mwangalizi. Ama istilahi mashine pepe, imekwisha kushika na hatuna haja ya kuing'oa, ijapokuwa pepe ya barua pepe hutenga barua ya umeme na ya karatasi, hali mashine pepe haitengwi na ya chuma kwa umeme bali kwa upangaji. (Tunasema kompyuta na wala si tarakilishi au ngamizi, ugomvi huo umekwisha kutula muda mwingi.)

Hifadhi ndipo mahali penye hatari, nasi tutakaa hapo kidogo. Msomaji hudhani kwamba diski imo ndani ya mashine. Mara nyingi haimo. Imo katika seva nyingine za ghala, nayo huunganishwa na mashine pepe kupitia mtandao wa ndani wa kituo. Ndiyo sababu mashine yaweza kuzimwa, kodi yake ikasimama, na kodi ya diski ikaendelea kuhesabiwa, mithili ya mpangaji aliyesafiri na kuviacha vyombo chumbani. Kuzima, basi, si kuondoa. Kuondoa ni kukirudisha chumba kwa mwenyewe, na katika huduma ya Amazon diski ya kuwashia mashine, kwa kawaida, hufutwa pamoja na mashine inapoondolewa, isipokuwa msimamizi ameagiza vinginevyo. Katika mazungumzo ya ofisini vitenzi hivi viwili huchanganywa, na "nimeitoa" ya mmoja huwa kilio cha mwingine. Sauti ya mzee aliyefariki hairekodiwi mara ya pili.

Isitoshe, nakala iliyomo katika diski ile ile si nakala ya akiba. Msimamizi mwangalifu huweka nyingine katika kanda nyingine, na hujaribu mara kwa mara kuirejesha, kwa kuwa nakala isiyowahi kurejeshwa ni tumaini tu. Hapo sheria nayo huuliza -po. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 imeweka masharti juu ya kuzipeleka data za mtu binafsi nje ya nchi. Jina la msimulizi, kijiji chake na nasaba yake ni data za namna hiyo. Mkusanyaji anayejibu "ziko kwenye wingu" hajajibu swali aliloulizwa.

Juu ya mtandao tutasema machache. Wingu hili limelala chini ya bahari. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Uganda na Tanzania. Mashine zilikuwapo, data zilikuwamo, njia ndiyo iliyokuwa haipo. Kwa upande wa istilahi, tafsiri ya neno kwa neno imetupa "ukuta wa moto" kwa kile ambacho kwa waashi wa Ulaya ni ukuta wa kuzuia moto usienee. Msikizaji wetu huona ukuta unaowaka. Kiswahili kina bawabu, asimamaye mlangoni akiwa na orodha ya wanaoruhusiwa, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anachokilinda si bandari, kama wengine walivyotafsiri, bali ni milango yenye namba: 22 ni wa msimamizi, 443 ni wa wageni wa tovuti. Mlango 22 ukiachwa wazi kwa dunia nzima, wabishaji huanza kufika mara.

Mwisho ni idhini ya kuingia. Msimamizi hutengeneza vitu viwili vinavyokwenda pamoja, na wafasiri huviita ufunguo wa umma na ufunguo wa siri. Nani huupa umma ufunguo? Cha kwanza ni kufuli: waweza kulitundika kwenye mashine mia moja na kila mtu akalitazama. Cha pili ndicho ufunguo, nao hautoki kwenye kipakatalishi cha mwenyewe. Kanuni ni kumpa kila mtu idhini ya chumba anachokifanyia kazi, si ya ploti nzima, na anapohama, kufuli lake liondolewe siku ile ile. Idara nyingi hufungua akaunti kwa barua pepe ya mhadhiri mmoja, na kodi hulipwa kwa kadi yake. Siku anapostaafu rekodi bado zimo diskini, na diski bado ipo Cape Town, lakini bili inayofuata itapelekwa kwenye anwani ambayo idarani hakuna awezaye kuifungua.