Bandari na Mafuta Mapya ya Meli

Meli huenda mbali kadiri ya mafuta yake, na mafuta hayo hupatikana bandarini. Waingereza walipoitwaa Aden mwaka 1839, waliifanya kituo cha makaa ya mawe kwa meli za mvuke ziendazo India. Meli zilipoacha makaa na kutumia mafuta, bandari hiyo nayo ilibadilika. Mwaka 1954 ilikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta.

Mabadiliko mengine sasa yameanza. Meli hutoa karibu asilimia 3 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Mwaka 2023 mataifa wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini yaliazimia kufikisha utoaji halisi wa gesi joto za meli kuwa sifuri ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo.

Mojawapo ya mafuta yanayotazamiwa ni methanoli. Umeme wa jua, upepo au joto la ardhi hutenganisha maji yakawa oksijeni na haidrojeni. Kisha haidrojeni huunganishwa na hewa ya ukaa iliyotokana na mimea au iliyonaswa angani. Tani moja ya methanoli huhitaji haidrojeni ipatayo kilo 190, na kuipata hutumia takriban kilowati-saa 9,500 za umeme. Aidha, methanoli huhitaji matangi yenye ukubwa wa mara mbili na nusu kuliko mafuta mazito. Nayo ni sumu, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Hivyo wafanyakazi wa gatini hawana budi kufunzwa upya.

Julai 2023 meli ya makontena Laura Mærsk ilijazwa methanoli huko Singapore, bandari iuzayo mafuta ya meli kuliko zote duniani. Hata hivyo, kisiwa hicho hakina nafasi ya kuzalisha umeme huo. Yakibidi mafuta mengi, lazima yaagizwe kutoka nje.

Hali ya Mombasa ni kinyume chake. Kenya ina umeme wa joto la ardhi huko Olkaria, lakini uko mbali na pwani, nao wahitajiwa majumbani na viwandani. Tani 1,000 tu za methanoli zingemeza kilowati-saa milioni 9.5. Basi kujenga matangi ni kazi nyepesi. Swali zito ni umeme utatoka wapi, na nani ataukosa.